Filamu za Pittsburgh: zipi zilipigwa mjini humo kweli, na zitufundishe nini kabla ya kushuti Gongoni?

Binti Sabaki, Malindi

Assalamu alaykum wanabaraza. Kuna kikundi cha vijana kumi na wanne hapa Malindi, wa miaka 16 hadi 22, wanaojifunza kutengeneza filamu. Mwezi wa kwanza ni wa kutazama na kuchambua, wa pili ni wa kushuti filamu ya dakika kumi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni. Kule kuna mabomba yaliyoliwa na kutu, pampu zisizofanya kazi na malundo ya chumvi, na nchi ni tambarare, haina hata mti. Ndiyo maana tumechagua filamu za mji wa viwanda wa Marekani, na mji wenyewe ni Pittsburgh, mji wa chuma.

Naomba kusaidiwa mambo matatu. Filamu zipi zilipigwa Pittsburgh na viunga vyake kweli, wala si studio au mji mwingine? Mtazamaji aliyeko Malindi atatambuaje? Na mbinu zipi za kule zitafaa kwenye jua letu, chumvi yetu na upepo wetu? Kamera ni moja ya kawaida yenye lenzi mbili, na simu mbili. Kuonyesha tutaonyesha nje usiku, kwenye ukuta.

Mzee wa Mkunguni, Lamu

Wa alaykum salaam, binti yangu. Shika hili kwanza: Pittsburgh ni mji unaoazima sura yake. Mara nyingi uko kwenye picha, lakini jina lililoandikwa chini ni la mji mwingine. Na mara nyingine jina la Pennsylvania limetajwa, na unachokiona kiko maili elfu mbili kutoka huko.

Alama za kuutambua ni mito na madaraja. Allegheny na Monongahela hukutana katikati ya mji zikazaa mto Ohio, na mji una madaraja 446, mengi ya katikati yakiwa yamepakwa rangi ya manjano ya dhahabu. Ukiona madaraja matatu ya manjano yanayofanana kama ndugu, yamefuatana juu ya mto mmoja, hapo ni Allegheny. Kwenye kilima cha kusini mna vigari viwili vinavyopanda mteremko kwa kamba ya chuma, cha Monongahela cha mwaka 1870 na cha Duquesne cha 1877. Halafu tafuta jengo jeusi-kahawia linaloyapita mengine yote: ni mnara wa U.S. Steel, ghorofa 64, mita 256, uliomalizika 1970. Ule mnara umejengwa kwa aina ya chuma kiitwacho Cor-Ten, ambacho huota kutu ya juu ikagandana na kukilinda cha ndani. Waambie vijana wako walitazame jengo hilo vizuri kabla hawajaanza kusema kutu ni uchakavu tu.

Sasa filamu. Anza na Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Ilipigwa Evans City, kiasi cha kilomita hamsini kaskazini ya Pittsburgh, nyeusi na nyeupe, kwa bajeti ya dola kama 114,000. Mambo matatu ya kufundishia. Nyumba ya shamba ilikuwa imepangiwa kubomolewa, ndiyo maana waliweza kupigilia mbao madirishani na kuivunja watakavyo. Mahali panapongoja kubomolewa ni hazina kwa mtu asiye na pesa. Pili, chumba cha chini ya nyumba hakikuwa cha nyumba ile. Kilipigwa chini ya ofisi ya kampuni yao mjini, mtu akashuka ngazi huku akatokea kwengine, na hakuna anayeona kiungo kwa sababu mwanga unatoka upande uleule katika picha zote mbili. Tatu, damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu isiyo na rangi haitofautishi kahawia na nyekundu. Inataka uzito wa kuchirizika.

Ya pili ni Dawn of the Dead, 1978, ya Romero huyohuyo. Karibu yote ni ndani ya soko kubwa la Monroeville, lililokuwa wazi kwa biashara kila siku. Walipewa saa za usiku, tangu maduka yafungwe mnamo saa tano hadi saa moja asubuhi, na ilipofika msimu wa Krismasi ikabidi wasimame, maana mapambo yangeonekana katika baadhi ya picha na kukosekana katika nyingine. Duka la bunduki unaloliona halikuwa mle sokoni, lilikuwa sehemu nyingine ya mji, ukataji ndio uliolileta.

The Deer Hunter, 1978, ndiyo ya kuchambua kwa ramani mkononi. Hadithi inasema ni Clairton, Pennsylvania, mji wa chuma kando ya Monongahela. Lakini kanisa la harusi ni Mtakatifu Theodosius la Cleveland, Ohio. Baa iko Mingo Junction, nayo ni Ohio. Milima ya kuwinda, ile yenye theluji na majabali, ni ya jimbo la Washington upande wa pili wa nchi. Pennsylvania haina milima ya namna hiyo. Kilele chake cha juu kabisa, Mount Davis, ni mita 979. Vita vya Vietnam vilipigwa Thailand. Na kwa kuwa walishuti kiangazi ilhali hadithi ni ya majira ya majani kupukutika, walilazimika kuyang'oa majani mitini. Wape vijana ramani tupu, kila anayeona mahali papya aweke nukta, kisha wajibu: nini kimewafanya wakubali kwamba nukta zote hizi ni mji mmoja? Watagundua ni moshi na rangi za nguo, na vilevile sauti ya kiwanda inayosikika kwa mbali hata watu wakiwa ndani.

The Silence of the Lambs, 1991, ni darasa la majengo. Ukumbi wa Soldiers and Sailors wa Pittsburgh umekuwa mahakama ya Memphis, na vyumba vya gereza vilijengwa ndani ya kiwanda cha zamani cha mitambo cha Westinghouse, Turtle Creek. Kiwanda kitupu kina dari ya juu ya kutundikia taa, sakafu inayobeba uzito, na milango inayoingiza lori. Kwa kazi ile hakuna studio inayokipita.

Ukitaka tanuri lenyewe, tazama Out of the Furnace ya 2013, iliyopigwa Braddock na kwenye matanuri ya Carrie, namba 6 na 7, yaliyojengwa 1907, yenye urefu wa mita 28. Hayafanyi kazi tena, yamehifadhiwa kama alama ya kihistoria ya taifa. Kiwanda cha Edgar Thomson hapo Braddock, cha mwaka 1875, bado kinayeyusha. Ndiyo maana katika filamu ile kutu ya kiwanda kilichokufa na moshi wa kilicho hai vinakaa pamoja bila kughushi.

Na Fences ya 2016, aliyoiongoza Denzel Washington kutoka kwa mchezo wa August Wilson. Ilipigwa Hill District, mtaa aliokulia mwandishi. Sehemu kubwa ni ua mmoja wa nyuma. Hii ndiyo watakayoweza kuiga kwa kamera moja.

Jahazi la Kusi, Mombasa

Niongeze RoboCop ya 1987, hasa kwa sababu watu huikosea. Hadithi ni ya Detroit, mitaa ni ya Dallas, Texas, na kiwanda cha chuma cha mapambano ya mwisho kiko Monessen, juu ya Monongahela, kusini ya Pittsburgh. Miji mitatu katika filamu moja. Kwa anayetaka Detroit yenyewe, 8 Mile ya 2002 imepigwa kule, pamoja na ile sinema ya Michigan ya mwaka 1926 iliyogeuzwa maegesho ya magari. Dari yake ya nakshi bado iko juu ya magari.

Kisa cha kazi nyingi kwenda Pittsburgh si sura peke yake, ni kodi. Pennsylvania hurudisha asilimia 25 ya matumizi yanayostahili kwa njia ya nafuu ya kodi, sharti asilimia 60 ya gharama zote za utayarishaji zitumike ndani ya jimbo. Michigan nayo iliwahi kutoa hadi asilimia 42 kuanzia 2008, ikaufunga mpango 2015, na wageni wakapungua. Gran Torino ilihamishiwa Detroit wakati huo, ilhali iliandikwa kuwa ya Minneapolis. Kwa hiyo mnapouliza kwa nini mwongozaji amechagua pahala, ulizeni na nani amelipa.

Fundi Taa wa Shela, Lamu

Nitajibu swali la tatu, kwa kuwa ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Pittsburgh iko nyuzi 40 kaskazini ya ikweta. Mwezi wa Disemba, jua la saa sita mchana linasimama nyuzi 26 tu juu ya upeo, na kivuli cha mtu kinakuwa mara mbili ya kimo chake. Huo mwanga wa ubavuni ndio unaochonga mabomba, misumari na mikunjo ya uso siku nzima. Malindi iko nyuzi 3 kusini. Hapa jua la saa sita halishuki chini ya nyuzi 63 mwezi wowote, yaani kivuli kirefu kabisa cha adhuhuri ni nusu ya kimo cha mtu. Macho yanakuwa mashimo meusi, kutu inabambatika, chuma hakina umbo. Basi usipige nyuso nje kati ya saa tatu na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Saa hizo piga ndani ya vibanda vya pampu mlango ukiwa wazi, au karibu sana: mikono, vali, matone ya maji chumvi.

Hesabu ya kamera. Jua kali la kawaida, aisoo (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/16, spidi 1/100 ya sekunde. Kwa filamu unataka spidi 1/50, ambayo ingetaka tundu f/22, nayo picha hulainika kwa tundu dogo namna hiyo na kila vumbi la kwenye kihisi huonekana. Ukitaka f/4 unahitaji kichujio cha giza cha hatua tano (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), kinachoandikwa ND 1.5. Juu ya chumvi nyeupe ongeza hatua moja, ND 1.8. Msinunue kile cha kuzungusha cha bei rahisi: kikizungushwa karibu na mwisho huweka alama ya msalaba mweusi katikati ya anga, hasa kwa lenzi pana, na alama hiyo haifutiki baadaye.

Spidi 1/50 ina sababu nyingine. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa zake hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga fremu 24 au 25 kwa spidi 1/50, kila fremu inabeba mipepeso miwili kamili na mwanga unatulia. Ukiacha 1/60, ambayo simu nyingi hujichagulia kwa kuwa umeme wa Marekani ni 60 Hz, utaona mistari ikitambaa ukutani. Fungeni spidi ya simu kwa mkono.

Chumvi hudanganya kipimo cha mwanga. Kamera ikiachiwa ijipimie, itaifanya chumvi ya kijivu na mtu mweusi kama kivuli. Pimeni shavu la mwigizaji, karibu, kisha mfunge kipimo. Au msimamisheni upande wa pili wa lundo: chumvi itamrudishia mwanga kutoka chini, na ndiyo taa ya bure kuliko zote Gongoni.

Kifaa chenyewe: msibadilishe lenzi uwanjani. Unga wa chumvi ukiingia ndani, ukakutana na unyevu wa pwani, unakuwa maji yanayokula nyaya. Badilisheni ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Jioni futeni mwili wa kamera na miguu yake kwa kitambaa kilicholowa maji ya kisima na kukamuliwa sana, halafu kikavu. Miguu iliyosimama kwenye brini, yaani maji ya chumvi kali, ifunguliwe vipande vyote ioshwe, la sivyo baada ya wiki moja vibano havitafunguka.

Kwa usiku, wale wa kule humwagia barabara maji kabla ya kupiga, ili taa ziwe mbili, moja juu na moja chini. Mnaweza pia, debe kumi zatosha kipande cha mita tano kwa kumi cha sakafu ya saruji, na kwa joto letu rudieni kila dakika ishirini hivi. Maji baridi tu, si ya bahari, na nyaya zote zininginizwe juu ya sakafu.

Sikio, Malindi

Sauti, kwa ufupi. Jenereta ikae mita 30 upande upepo unakokwenda, nyuma ya ukuta au gari. Maiki iwe sentimita 30 hadi 40 juu ya mdomo, yenye koti la manyoya. Sponji peke yake haiwezi kusi. Ratibuni mapumziko kwa nyakati za adhana, maana mkipiga sentensi ya kwanza kabla na ya pili wakati inaadhiniwa, hakuna ukataji utakaofaa, na adhana yenyewe haipaswi kukatwakatwa. Kila mahali rekodini dakika moja ya ukimya wa pale pale, watu wote wakiwa wamesimama, kabla hamjazima chochote. Kile kiwanda cha mbali alichotaja Mzee wa Mkunguni, nanyi mnaweza kukitengeneza: rekodini pampu moja inayofanya kazi, kwa mita 2 na tena kwa mita 50, muilaze chini ya maongezi ya ndani.

Ukuta Mweupe, Malindi

Kuonyesha. Pakeni ukuta chokaa, mikono miwili, bila rangi ya kung'aa. Kama hakuna ukuta, kitambaa cha marekani kizito kilichoshonwa na kupigwa chokaa nyembamba, lakini jueni mtakuwa mmetundika tanga: kikae kinga ya upepo, kifungwe kwa kamba za mpira pembe zote na katikati ya kila upande, ili kinese badala ya kuchanika.

Picha ya upana wa mita 3 inataka projekta ya lumeni 3,000 halisi. Zile ndogo zinazoandikwa lumeni 9,000 kwenye boksi aghlabu hazifiki hata mia tano, angalieni neno ANSI. Kwa projekta ya kizio 1.5 (umbali wake kugawanywa kwa upana wa picha), iweke mita 4.5 kutoka ukutani. The Deer Hunter ni ya upana mkubwa, 2.39 kwa 1, hivyo katika mita 3 kimo chake ni mita 1.25 tu, wa nyuma wasikae mbali. Night of the Living Dead ni karibu mraba, itachukua mita 2.3 za upana, ubavuni patabaki peusi na ndivyo inavyotakiwa, msiivute ijaze.

Anzeni baada ya isha. The Deer Hunter ni dakika 183, ikianza saa mbili na robo itamalizika saa tano na ushei, basi iwe Ijumaa au Jumamosi. Fences dakika 139. Jenereta ya kVA 2 inatosha projekta na spika mbili, waya wa milimita 2.5 za mraba kwa mita 30. Mafuta jazeni kabla ya kuanza. Kuongeza petroli kwenye jenereta ya moto gizani, watoto wakizunguka, ni kutafuta moto.

Haki: Night of the Living Dead iliachwa bila tangazo la hakimiliki ilipobadilishwa jina, kwa hiyo Marekani ni mali ya umma tangu mwanzo, na sheria ya Kenya inazipa filamu miaka 50, nayo imepita. Nyingine zote zinahitaji ruhusa ya msambazaji. Na zote, pamoja na hiyo, zipitie Bodi ya Uainishaji Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Kwa walio chini ya miaka 18 mngeanza na Fences. The Deer Hunter ina kamari ya bastola ambayo si ya kuwawekea vijana bila kuzungumza nao.

Binti Sabaki, Malindi

Shukrani nyingi, Mola awajaze kheri. Nimepanga Night of the Living Dead, Fences na The Deer Hunter, na vipande tu vya nyingine darasani. Kuna jambo moja limebaki. Onyesho la kufungua tunataka liwe kwenye nguzo za gati, mwigizaji anatembea chini yake juu ya mchanga uliolowa, mwanga wa jioni. Linahitaji siku mbili. Maji yatatuharibia?

Fundi Taa wa Shela, Lamu

Yataharibu, dada, na hapa Pittsburgh haina la kukufundisha. Mito ya kule imezuiliwa kwa mabwawa na malango ya kupitishia mashua, maji hukaa kimo kimoja siku za kawaida. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu wakati wa bamvua.

Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Kwa hiyo mchanga ulio wazi chini ya gati na jua la saa kumi na moja jioni havikutani siku hizo. Ukichagua maji mafu, jioni kunapwa, lakini hayapwi sana, na mguu wa nguzo utabaki majini. Njia ni mbili. Pigeni asubuhi, tangu jua linapochomoza hadi saa tatu, siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, maji yakiwa yanatoka. Mtu akitembea kuelekea kaskazini, mtazamaji hajui kama ni asubuhi au jioni. Au pigeni miguu na mchanga saa nne ya bamvua, karibu sana, bila anga, na uso wake jioni juu ya gati, kwa namna ile ya chumba cha chini cha Night of the Living Dead.

Siku ya pili kimo kilekile cha maji kinakuja kama dakika 50 baadaye, ilhali jua halingoji. Pigeni alama ya chaki kwenye nguzo moja siku ya kwanza na picha ya simu yenye saa, ili mjue mnaanzia wapi. Chaki iwe upande usioonekana na kamera.

Mzee wa Mkunguni, Lamu

Na kibali cha gati, binti yangu, ombeni mapema, kwa maandishi, mkitaja saa, idadi ya watu na kwamba hamfungi njia ya wavuvi. Shamba la chumvi ni la mwenyewe, barua yake iwe mkononi siku ya kazi. Mkitaka magofu ya Gede, hayo ni ya Makumbusho ya Taifa, na droni haipai bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Viatu vyenye soli ngumu kwa kila kijana. Misumari ya pale imelala chini ya chumvi, haionekani.